Kilo Mia na Ishirini na Tano za Karatasi Chakavu

Biashara ile yote imenigharimu shilingi milioni tatu, laki saba na elfu tisini na saba. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Ya pili imetoka milioni tatu, laki nane na elfu tisa, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau bajaji. Ya tatu sijapiga. Naogopa kukumbuka kitu kingine.

Katika fedha hizo, milioni mbili na nusu si zangu. Ni za dada yake mke wangu, mwalimu mstaafu kutoka Kagera. Zilitoka kwenye kiinua mgongo chake na zilikuwa na kazi yake kabisa: kununua bati za nyumba anayojenga kwao. Kuta zimesimama, lenta imefungwa, na juu ya lenta kuna mawingu. Alikuja kwetu Mkuyuni akiwa njiani tu, anunue bati hapa mjini, azipakie kwenye lori, naye apande basi lake la Bukoba kupitia Kigongo. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri kidogo, fedha zizae, ili anunue bati nene badala ya zile nyembamba zinazopiga kelele mvua ikinyesha. Alikuwa amekuja na begi la wiki moja. Sasa ana kabati.

Nina fremu ya duka ya mlango mmoja Igogo. Nauza kalamu, bahasha, majalada ya faili, wino wa mashine, na natoa kopi. Ofisi moja ya serikali isiyo mbali na hapo ilikuwa mteja wangu wa vitu vidogovidogo, na mwaka huu ikatangaza inataka karatasi za ofisini rimu mia mbili na hamsini. Nikasoma masharti. Safari hii hayakuwa yale ya kawaida ya weupe na uzito peke yake. Walitaka karatasi ambayo sehemu yake imetengenezwa kwa karatasi zilizokwisha kutumika, isiyopaushwa kwa dawa kali, na isifungwe kwa plastiki. Sababu walizitaja: miti, maji na takataka. Sikuwa na ugomvi na sababu hizo. Ninaishi kando ya ziwa, naona linavyomezeshwa kila kitu.

Sharti la mwisho ndilo lililonimaliza. Lilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, mzabuni apunguze bei yake kwa asilimia tano, na ofisi itumie hiyo tofauti kumlipa mtu wa kuzoa karatasi zake chakavu. Ya pili, mzabuni azoe mwenyewe: akusanye kutoka kwenye ofisi hiyo karatasi zilizotumika, zisipungue moja ya tano ya uzito wa mpya alizoleta, zipimwe mbele ya afisa ugavi, kisha zipelekwe zikachakatwe. Malipo yatatoka kwa mkupuo mmoja baada ya kupatikana hati mbili, ya mapokezi na ya marejesho.

Asilimia tano ya zabuni yangu ilikuwa laki mbili na elfu kumi na nane na ushee. Mimi nitoe laki mbili kwa ajili ya takataka? Nimezaliwa sokoni. Sijawahi kupunguza bei bila kuombwa angalau mara tatu, na hapo nilikuwa naombwa mara moja, tena na karatasi. Nikapiga hesabu: rimu moja ni kilo mbili na nusu, rimu mia mbili na hamsini ni kilo mia sita ishirini na tano, moja ya tano yake ni kilo mia na ishirini na tano. Kilo mia na ishirini na tano za karatasi chakavu kwenye ofisi ya serikali! Nilidhani nitazijaza asubuhi moja na nyingine nizikatae. Tena kuna mnunuzi wa karatasi chakavu anayepakia kwenda kiwandani, angenipa hata elfu ishirini na tano ya juu. Nikachagua njia ya pili nikajiona mjanja.

Karatasi zilitoka Dar es Salaam. Rangi yake si nyeupe ya kung'aa, ina ukijivu wa mbali, na ukiishika ina ukavu fulani. Siku ya mapokezi wajumbe watatu wa kamati walizizunguka kama watu waliotengewa chakula wasichokiagiza. Mmoja akainua karatasi dirishani, akaifikicha kwa kidole gumba.

“Mzee, hii imefubaa.”

“Haijafubaa, kiongozi. Hii ni dona. Mlizoea sembe.”

Wakacheka, na afisa ugavi, binti mmoja makini asiyecheka haraka, naye akatabasamu kidogo akiandika. “Basi ni dona tuliyoiomba wenyewe,” akasema. “Tuile.” Akanisainia hati ya kwanza siku hiyohiyo. Nilipofika nyumbani nikamwambia shemeji aanze kuulizia lori.

Wiki iliyofuata nikaenda kuzoa na magunia matano. Nilirudi na magunia matano.

Ofisi ile haikuwa na karatasi za kutupa. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi siku nyingi mpaka nikaelewa kwa nini. Kwanza, masharti yaleyale ya mazingira yaliwaagiza wachape pande mbili, na walikuwa wanatii. Karatasi iliyokosewa upande mmoja waliigeuza wakaandikia rasimu. Rasimu ikikamilika, waliikata vipande vinne wakaandikia namba za simu. Pili, kitu chochote chenye mhuri au jina la mtu kilikwenda masjala, na kilichoingia masjala hakitoki mpaka wewe na mimi tumestaafu. Kikitoka, kinachomwa mbele ya mashahidi. Sharti moja lilikuwa linakula chakula cha jingine, na aliyebaki na njaa ni mimi.

Cha tatu nilikiona kwa macho. Kilichobaki, yaani zile kopi za ziada, matangazo ya vikao vilivyopita na kurasa ambazo mashine imezitafuna pembeni, mhudumu wa ofisi alizikunja kila siku saa nne akampelekea mama anayeuza maandazi getini. Mama huyo huzikata kwa kisu, kila ukurasa mara nne, akafungia maandazi. Amefanya hivyo tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Hakuna aliyemwandikia kibali, na hakuna aliyemkataza.

Kwa wiki sita nilipata kilo kumi na moja. Nilizipima mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kumi na gramu mia tisa, nikarudi kwenye hesabu ya kwanza.

Nyumbani shemeji alikuwa amesoma mkataba. Mwalimu ukimpa karatasi hawezi kuacha kuisahihisha. Aliusoma akiwa amekaa kwenye kiti changu, miwani puani.

“Waitu, shemeji,” akasema kwa ile sauti ya Kihaya ya kukuhurumia huku anakufinya, “hapa walikupa nafasi ya kutoa laki mbili ukalala usingizi.”

“Nilijua, dada.”

“Ulijua ukaikataa?”

“Ilikuwa laki mbili na elfu kumi na nane.”

“Aaa.” Akavua miwani. “Basi bati zangu ziko salama. Zimeshikiliwa na elfu kumi na nane.”

Mke wangu akaingia jikoni ili acheke vizuri. Mimi nikatoka nikaenda kuangalia mawingu, maana siku hizo yalikuwa yameanza kupanga foleni upande wa ziwa. Kijana anayemlindia kiwanja huko kwao alikuwa ametuma picha: juu ya lenta kumeota majani, na chumba cha kulala kina dimbwi. Shemeji aliipanua picha ile kwa vidole, akatazama dimbwi, akaipunguza, akaipanua tena. Afadhali angenigombeza.

Ndipo nikafikiri kama mtu wa sokoni. Kama karatasi chakavu hazipo ofisini, zipo wapi? Zipo Mkuyuni, kwa wauzaji wa vifungashio. Kuna jamaa pale mwenye kibanda cha karatasi zilizotumika, anawauzia watu wa karanga, dagaa wa kukaanga na vitumbua. Zimerundikwa mpaka darini: mitihani ya shule, fomu, magazeti, barua.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kilo shilingi ngapi?”

“Mia nane. Unauza karanga?”

“Nauzia serikali.”

Akanitazama. “Serikali inakula karanga?”

“Nipe mia nne, nachukua kilo mia moja na kumi na nne.”

“Mzee, kilo mia na kumi na nne utafunga karanga za Kanda ya Ziwa nzima! Mia saba.”

“Mia nne na hamsini. Na magazeti sitaki, nataka za ofisini tu.”

“Unachagua tena? Unachagua kwa mia nne na hamsini?”

Tulimalizia mia tano, magazeti yakabaki kwake. Mizani yake ilikuwa ya kuning'iniza, ya dagaa, na bado ilinuka dagaa. Nikaomba tupime upya kila gunia. Akashika kichwa. “Mzee, wewe mkeo anakupikiaje?” Lakini alipima. Elfu hamsini na saba. Bajaji mbili, elfu kumi na mbili, ile niliyoisahau.

Nilifika ofisini nimenyooka. Magunia yakashushwa uani, afisa ugavi akaja na mizani ya ofisi. Uzito ulitimia, ukazidi nusu kilo. Niliona hati ya pili kwa macho yangu, ilikuwa mkononi mwake, kalamu imefunguliwa. Kisha akaingiza mkono kwenye gunia, kama mtu anayechagua maharage, akatoa karatasi moja.

Akaisoma. Akatoa ya pili.

“Mzee wangu,” akasema taratibu, “hii ni ratiba ya mitihani ya shule ya msingi.”

“Watoto wa watumishi huja nazo ofisini.”

“Na hii ni barua ya mtu anaomba likizo ya uzazi. Wilaya nyingine. Mkoa mwingine kabisa.”

Likizo ya uzazi nikairuka.

“Karatasi ni karatasi, binti,” nikamwambia. “Kiwandani zinaingia kwenye pipa moja. Mti hauulizi karatasi ilitoka ofisi gani. Kama nia ni kuokoa mazingira, nimeyaokoa. Nimeokoa ya watu wa Mkuyuni kwa fedha yangu.”

“Naelewa, mzee. Kabisa naelewa. Lakini sharti linasema zilizotumika na ofisi hii. Nikisaini, wakaguzi wakaja wakafungua gunia, mimi nitasema ratiba ya darasa la nne tuliitumia wapi?”

Alikuwa sahihi, na ndicho kilichonichosha. Mtu akikuonea, unapata nguvu ya kupiga kelele. Yule binti hakunionea, hakuomba kitu, hakunizungusha hata siku moja. Upepo wa ziwa ukaingia uani ukachukua kurasa kadhaa, tukazikimbilia sote wawili, yeye na viatu vyake vya ofisini, mimi na umri wangu. Tulipozirudisha guniani tukakaa kwenye ngazi tukihema.

“Ipo njia moja,” akasema.

Njia yenyewe ni hii. Kuna kifungu kinachompa mzabuni haki ya kwanza kwa karatasi zote chakavu za ofisi. Hakijawahi kutumika kwa sababu sijawahi kukiomba. Nikiandika barua ya kukiomba, ataibandika kama tangazo: kuanzia Jumatatu hakuna karatasi inayotoka ofisini isipokuwa kwenye gunia langu. Wanaanza kufunga hesabu za mwaka, kopi zitakuwa nyingi. Alikuwa ameshapiga hesabu: mwezi na nusu, labda miezi miwili, na kilo zangu zimetimia. Hati ya pili siku hiyohiyo, malipo baada ya hapo.

“Isipokuwa kwenye gunia langu,” nikarudia.

Sote tuliangalia getini. Mama wa maandazi alikuwa anamhudumia dereva.

“Na kiafya pia wino si mzuri,” akasema yule binti, lakini alisema akitazama viatu vyake. “Yule atatafuta njia.”

Nilipotoka nikanunua maandazi matatu. Sikuwa na njaa, nilitaka kuona. Mama yule ni wa umri wa mke wangu, ana mikono ya haraka. Akachomoa robo ukurasa, akaufanya pembe, akayatumbukiza maandazi, akakunja juu.

“Baba, si wewe uliyewaletea hizi karatasi mpya?”

“Ni mimi.”

“Nzuri sana. Hizi zinanyonya mafuta. Zile nyeupe za zamani zilikuwa zinateleza, mtu anashika andazi linamtoroka. Hizi nimezipenda.” Akanirudishia chenji. “Ukileta tena, leta hizihizi.”

Nikamwambia nitajitahidi. Nilikula andazi moja nikitembea kuelekea Igogo, na karatasi ilikuwa kavu kabisa kwa nje. Kweli inanyonya.

Nimefanya hesabu ya yule mama pia. Ana wateja kama themanini kwa siku. Mfuko mdogo wa kaki ni shilingi hamsini. Hiyo ni elfu nne kila siku, na faida yake yote, kwa ninavyoyajua maandazi, haifiki elfu kumi. Miezi miwili ya elfu nne bila Jumapili inazidi laki mbili. Nimeihesabu mara mbili nikitafuta kosa. Inakaribia ile laki mbili na elfu kumi na nane niliyoikatalia ofisi, kasoro kidogo, ila sasa italipwa na mtu ambaye hakuingia kwenye zabuni.

Nilifikiri kumlipia mifuko mwenyewe. Kwa fedha gani? Nilichobakiwa nacho ni rundo la karatasi za Mkuyuni linalonuka dagaa nyuma ya mlango wa fremu. Nilipomwambia jamaa wa vifungashio azinunue tena, akataja shilingi mia mbili kwa kilo, akaniuliza kama serikali imeshiba. Nikafikiri nimpe mama yule hizo karatasi zangu. Nikampelekea gunia moja. Akanusa, akacheka, akanirudishia kwa heshima zote. “Baba, mtu akitaka dagaa ataenda kwa wa dagaa.” Nilizianika juani siku mbili. Bado.

Nimejaribu pia kurudi kwenye njia ya kwanza, nipunguze ile asilimia tano sasa, yaishe. Binti wa ugavi alikwenda kuuliza kwa wakubwa wake na akarudi na jibu nililolitegemea: mkataba umeshasainiwa, bei haibadiliki, si kwenda juu wala kushuka. Katika maisha yangu yote ni mara ya kwanza nimembembeleza mteja anilipe kidogo, na amekataa.

Jana nikamweleza shemeji yote. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza bila kuinua macho, na nilipofika kwa mama wa maandazi mikono yake ikapunguza mwendo.

“Sasa unaniuliza mimi?” akasema.

“Bati ni zako, dada.”

“Bati ni zangu, barua ni yako.” Akapuliza makapi. “Sikiliza, shemeji. Sitaki kuezeka nyumba yangu kwa andazi la mwanamke mwingine. Nimefundisha miaka mingi, watoto wangapi wamesoma kwa maandazi ya mama zao, nawajua.”

“Basi nisiandike.”

“Sijamaliza. Na sitaki pia kuzeekea kwenye chumba cha watoto wako. Mvua ya wiki hii imeangusha mstari wa juu wa tofali, upande wa jikoni. Kijana amenipigia asubuhi. Sikutaka kukuambia.” Akachukua punje moja ya jiwe akaiweka pembeni. “Hayo yote mawili ni kweli. Wewe ndiye mfanyabiashara, yapatanishe.”

Akaendelea kuchambua. Mke wangu alitazama pembeni.

Barua nimeiandika. Iko hapa mezani, mistari minne, kwenye karatasi yangu mwenyewe ile ya dona, upande wa pili wa risiti iliyoharibika. Haina saini. Binti wa ugavi ameniambia kwa upole kwamba mwisho wa kuipokea ni Ijumaa, maana Jumatatu wanaanza kufunga hesabu za mwaka, na nikichelewa kopi zitanipita. Mama wa getini hajui chochote. Leo asubuhi nilipita akanisalimia kwa mkono uliojaa unga.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma, hasa kama umewahi kuiuzia ofisi kitu chenye masharti ya namna hii: ulitokaje? Nisaini shemeji aezeke, kisha nikamweleze yule mama mwenyewe kabla hajaliona tangazo? Nisisaini, nitafute milioni mbili na nusu mahali ambapo sipajui? Kama unaifahamu njia ya tatu, niandikie kabla ya Ijumaa. Ushauri wa kuwa mvumilivu usiniletee, huo nimeshapewa na kila mtu, na bure.